Kabali ya Masele

Gari lilikuwa limeshaiacha Didia nyuma, linaitafuta Tinde, na Masele alikuwa bado hajaamini kwamba amepandishwa nyuma. Miaka kumi na minane alikaa kiti cha mbele cha pikapu ya Zulfikar, upande wa dirisha, kiwiko nje, watu wa barabarani wakimsalimia kwa jina. Leo alikuwa juu ya tairi la akiba, katikati ya mashine ya kuchomelea na vyuma vya pembe, upepo ukimpiga masikio. Kupitia kioo cha nyuma aliona kilemba cha njano cha Noela na bega la Enock dereva. Walikuwa wanacheka. Wanacheka nini? Hakusikia, na hilo lilimuuma kuliko kama angesikia.

Kilichompokonya kiti kilikuwa kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa mkate. Asubuhi pale dukani Shinyanga, Zulfikar alimshika mkono mbele ya watu.

"Masele bwana, hiki kipimo hakitaki kutikiswa. Noela akae nacho mbele. Wewe mtu mzima, unaelewa."

Kuelewa alielewa. Kukubali ndiko kulikomshinda.

Kisha tajiri akaongeza neno jingine, nalo ndilo lililokuwa likizunguka kichwani mwa Masele tangu gari liondoke. "Songwa kuna kazi ya pampu ya maji, paneli za jua arobaini. Hatujawahi kupata kazi kubwa hivyo. Yule atakayeniambia kwa nini paneli za Juliana, yule mteja wetu wa Geita, zinavimba, huyo ndiye fundi mkuu wa Songwa. Mwenzake atamfuata."

Atamfuata! Masele amfuate Noela? Mkewe, Mbuke, alikuwa ameshawatangazia wanajumuiya wote kwamba mumewe ndiye anayekwenda kuwapa watu wa Songwa maji.

Huyu Noela alikuja dukani miaka sita iliyopita, anafagia na kupanga balbu kwenye rafu. Masele ndiye aliyemshikisha spana. Ndiye aliyemfundisha kwamba kila nati ukishaikaza, uipake mstari wa rangi ya kucha, uanzie kwenye nati uishie kwenye chuma, ili siku ikilegea mstari ukatike uone. Rangi yenyewe aliiba kwenye mkoba wa Mbuke, na Mbuke akanuna wiki nzima. Baadaye Zulfikar akampeleka binti chuo cha ufundi Mwanza, miaka miwili. Masele hakuwahi kupelekwa popote. Kiingereza chake chote alikiokota kwenye maboksi ya paneli.

Lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna chuo kilichokuwa nacho. Huko machimboni paneli huibiwa kama kuku. Ukifunga jioni, asubuhi unakuta nguzo. Masele akabuni namna yake: anaizungushia kila paneli vyuma vya pembe pande zote nne, anavigonga kwa nyundo mpaka wembe haupiti, kisha anavichomelea kwenye fremu ya chuma iliyo chini. Mafundi wakaiita kabali ya Masele. Tangu hapo hakuna aliyeng'oa paneli yake hata moja. Mwizi mmoja alihangaika usiku kucha, akashindwa, akaondoka na ngazi.

Walipofika upande wa Geita, lami ikiwa imewaacha zamani, Masele alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Noela alishuka kama alivyopanda.

Juliana aliwapokea mikono kiunoni. Alianza kwa kuwauzia wachimbaji ugali. Sasa alikuwa na maduara mawili, yale mashimo ya dhahabu, na pampu ya jua iliyokuwa ikinyonya maji humo chini ili watu wachimbe.

"Karibu, Baba Klara," alimwambia Masele. "Njoo uwaone wanao. Wana mimba."

Wachimbaji waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Masele alicheka nao kidogo. Juliana alikuwa na paneli kumi na sita. Kumi na mbili alizifunga Masele mwaka juzi, kwa kabali. Nne zilizokuwa jirani na jiko zilifungwa na fundi mpita njia kwa vibanio vidogo. Zilikuwa nane, nne nyingine wezi walishazibeba. Zile kumi na mbili ndizo zilizokuwa na shida. Asubuhi zimenyooka kama meza. Mchana zinatuna katikati kama chapati kwenye kikaango, na karatasi nyeupe ya mgongoni imeanza kuota malengelenge. Tatu zilikuwa zimeshakufa. Ikifika saa nane pampu inakohoa.

"Na duara halingoji," alisema Juliana. "Pampu ikilala, maji yanapanda. Nina watu kumi na mmoja mle chini."

"Paneli za siku hizi mbovu," alisema Masele. "Zinatengenezwa kwa haraka."

"Tutapima, Mama," alisema Noela.

Kesho yake, jua halijachomoza, Noela alikuwa ameshaamka.

"Mwangaluka, Baba Klara. Shikamoo."

"Marahaba. Umeamka na mtoto wako?" Masele alikitazama kisanduku.

Ndani yake kulikuwa na kipimo kama saa ndogo, chenye mshale na mguu mwembamba chini. Noela aliifunga shingo ya saa katikati ya upau wa alumini wenye miguu miwili. Miguu ya upau inakaa kwenye kingo za paneli, mguu wa saa unagusa kioo katikati. Kioo kikipanda hata kwa unene wa unywele, mshale unasogea. Mgongoni kwa kila paneli alibandika kipimajoto. Akapima zote kumi na sita kwenye baridi ile, anaandika, anahamia nyingine, anaandika. Mpango wake ulikuwa kuzirudia saa nane mchana, jua likiwa kali, aone kila moja imepanda kiasi gani.

Juliana akamwuliza anatafuta nini.

"Mama, paneli si kitu kimoja," Noela alisema. "Juu kuna kioo. Chini yake plastiki inayonata, halafu hivi vipande vyeusi, vyembamba kuliko ukucha. Halafu plastiki tena, na mgongoni karatasi nyeupe. Vyote vimegandamizwa pamoja kiwandani. Kikipata joto, kila kimoja kinatanuka kwa kipimo chake. Kioo kidogo, plastiki sana."

"Kama wake wenza wa nyumba moja," alisema Juliana.

"Hapohapo, Mama. Sasa nikijua kila paneli imepanda kiasi gani, nitajua kama wanagombana wenyewe kwa wenyewe, au kuna kitu cha nje kinachowabana."

Kitu cha nje. Masele alilisikia neno hilo likimwingia mbavuni. Akasogea, akaweka kiganja juu ya kioo, akafumba macho kama alivyozoea.

"Mimi miaka yote napima hivi."

"Mzee," mchimbaji mmoja aliuliza, "kiganja chako kina namba?"

Wakacheka tena. Chai ilipokuja, kiti cha pekee chenye mgongo alipewa Noela. Masele aligeuziwa ndoo. Chai ya Noela ilikuwa na maziwa. Ya Masele nayo ilikuwa na maziwa, lakini aliitazama muda mrefu akaona ya Noela ni nzito zaidi. Wachimbaji walikuwa wameshaanza kumwita binti "injinia". Yeye walimwita mzee. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Mchana Noela akaenda kula. Aliacha upau umelala kwenye kivuli cha mabati, saa ikiwa imefungwa palepale, tayari kwa saa nane. Enock alikuwa amesinzia ndani ya gari. Masele akabaki peke yake na ile saa.

Hakuwa amekuja na nia hiyo. Aliichukua tu aione. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, imeandikwa tarakimu ndogo asizoweza kuzisoma, maana miwani yake ilikuwa kwenye droo ya kiti cha mbele, mahali alipoiweka miaka yote, na tangu jana hakutaka kumwomba mtu amfungulie hiyo droo. Vidole vyake vikaona parafujo ya shingo. Vikailegeza. Akaivuta saa juu kidogo, unene wa sarafu mbili zikipandiana, akakaza tena, akaulaza upau kama alivyoukuta. Kazi ya pumzi tatu. Kisha akaenda kunawa, akala ugali wake na sangara, na ulimpita kooni vizuri kuliko chakula chochote tangu Shinyanga.

Saa nane mgongo wa paneli ulifika nyuzi sitini na nne. Noela alipima ya kwanza, akakunja uso. Ya pili. Ya sita. Alipofika zile nne za jikoni alisimama kabisa.

"Vipi, injinia?" aliuliza Masele. "Soma, tusikie sote."

"Za kabali zimepanda milimita mbili," Noela alisema polepole. "Hizi nne zinaonekana zimezama milimita tatu."

"Zimezama!" Masele alipiga makofi. "Mnasikia? Zangu zimetulia. Zilizoachwa bila kushikwa ndizo zinazobonyea kama godoro. Hizo ndizo zinazovuruga pampu. Mama Juliana, sijasema mimi, imesema saa."

"Naomba nirudie kesho, Mama," alisema Noela.

"Kesho na kesho, maji yananisubiri?" Juliana alikuwa amechoka. "Baba Klara, hizo nne zifunge nazo."

"Kesho alfajiri," alisema Masele. "Chuma cha mchana kinaunguza. Kazi zangu zote nafunga alfajiri." Akaondoka akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Noela alipomfuata kwenye mashine ya kuchomelea. Alikuwa na miwani mkononi.

"Nimekuletea, Baba Klara. Ilikuwa kwenye droo."

"Sijaiomba."

"Vaa tu." Akampa na ile saa. "Angalia shingo."

Masele akavaa. Ndipo alipouona. Mstari mwekundu wa rangi ya kucha, ulioanzia kwenye shingo ya saa na kuishia kwenye upau, ulikuwa umekatika. Nusu ilikuwa juu, nusu chini, katikati pengo la sarafu mbili.

"Nani alinifundisha kupaka hiyo rangi?" Noela aliuliza.

Masele akamrudishia saa.

"Ukirudisha hizo milimita nne, hesabu inakaa sawa. Zako zimepanda sita. Za jikoni moja tu. Joto lilelile, paneli za kiwanda kilekile. Sijamwambia mtu." Akavuta pumzi. "Ila usizifunge zile nne, baba. Fremu ya paneli ni alumini, na alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Unafunga alfajiri, imesinyaa kwa baridi, na hujaiachia hata nafasi ya wembe. Mchana inataka kutanuka, haina pa kwenda, inainua tumbo. Yale matabaka yanaachana. Ni kabali inayoziua."

Angekuwa amesema kwa dharau, pengine Masele angelia, au angempiga kibao, yakaisha. Lakini alisema taratibu, kama mtu anayemwambia baba yake kwamba shati lake lina doa.

"Nilikuwa nafunga paneli wewe bado unanyonya," alisema.

"Ni kweli, baba."

Hiyo "ni kweli, baba" ilimchoma. Usiku aliigeuza upande huu na huu. Alijua binti amesema sawa. Mikono yake ilijua, kwa sababu miaka mingi ilikuwa imesikia vile vyuma vikilia mchana na yeye akajiambia ni ndege juu ya bati. Lakini akifunga zile nne na zisipovimba? Zikitulia siku moja tu, siku mbili, mpaka warudi Shinyanga? Songwa ingekuwa yake. Kiti kingekuwa chake.

Alfajiri akachomelea. Alifunga vizuri kuliko siku zote, akigonga chuma mpaka wembe haupiti. Noela alisimama kando, daftari mkononi.

Saa sita zile nne zilikuwa zimepanda milimita mbili. Saa saba, nne. Wachimbaji wasio na zamu walikuwa wamekuja kutazama kama watu wa mpira, na Enock alikuwa anatangaza: "Tano! Jamani, tano na nusu!" Masele alisimama karibu na paneli ya mwisho, jasho likimtiririka mgongoni, akisikia chuma kikilia tii, tii. Hakuna ndege juu yake.

Saa nane kasoro paneli hiyo ilipasuka. Mlio ulikuwa kama wa baruti, mchimbaji mmoja akajitupa chini. Kioo chote kilisagika chembechembe kama chumvi ya mawe, kikabaki kimening'inia kwenye ile plastiki, na waya wa ndani ukakatika. Pampu ikanyamaza.

Ule ukimya ndio uliowatisha. Juliana alikimbilia mdomo wa duara, anapiga mayowe watu watoke. Walipanda mmoja mmoja, wamelowa matope mpaka kifuani, Enock akiwahesabu kwa sauti. Kumi na mmoja. Hakuna aliyeumia. Nyundo, majembe na taa vilibaki chini, maji yakavifunika.

Juliana akarudi akihema.

"Jana mliniambia zimezama. Leo zimepanda mpaka zimepasuka. Nani aliniambia uongo?"

Masele aliinama kuokota nyundo yake.

"Kosa ni langu, Mama," alisema Noela. "Jana sikuangalia alama kwenye saa kabla ya kupima. Ilikuwa imepanda. Fundi anaanza na alama. Nilifundishwa hivyo, nikapuuza."

Juliana alimtazama sana. Hasira ilimshuka usoni kama maji kwenye mchanga. "Angalau wewe unasema," akamwambia. Mchimbaji mmoja, matope yanamdondoka, akasema, "Pole, injinia." Mwingine akamletea maji ya kunywa.

Masele akaona kila kitu. Kiti kachukua. Chai kachukua. Jina la injinia kachukua. Na sasa hata kosa lake yeye Masele, alilolifanya kwa vidole vyake mwenyewe, nalo kalibeba, na watu wanampa pole na maji. Hilo hakuliweza. Hakukiri kwa wema, yeye mwenyewe alijua hivyo. Alikiri kwa sababu hakuweza kumwona binti yule akipewa na hilo.

"Mwongo huyo!" alipaza sauti. "Hakukosea kitu. Saa niliipandisha mimi. Jana mchana, alipokwenda kula. Na kabali ni yangu, na ndiyo inayozivimbisha. Aliniambia jana jioni nisifunge, nikafunga. Kosa langu mniachie mwenyewe!"

Juliana akamsogelea mpaka akasikia pumzi zake.

"Kwa nini, Baba Klara? Nilikukosea nini?"

"Wewe hujanikosea," alisema Masele. "Alikaa kiti cha mbele."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, halafu akaacha.

Noela alikuwa ameinamisha kichwa. Masele alichukua simu ya Enock, akampigia Zulfikar mwenyewe, akamweleza hayo hayo kwa maneno machache, amesimama wima kama askari.

"Basi kata hizo kabali zote," tajiri alisema. "Kata mwenyewe. Noela akusimamie."

Yaliyofuata ni haya.

Masele alikata kabali zote kwa siku tatu. Noela alimwonyesha nafasi ya kuacha kila upande, unene wa sarafu, naye akaiacha. Paneli sita ziliondolewa, zikaletwa mpya. Saa nane mchana kwa nyuzi sitini na tano hakuna iliyopanda zaidi ya milimita moja na nusu. Maji ya duara yalinyonywa, nyundo zikapatikana, taa mbili hazikuwaka tena.

Mwezi wa tano wezi walibeba paneli mbili za Juliana. Akaweka mlinzi na mbwa. Hajapoteza nyingine.

Noela alikwenda Songwa akiwa fundi mkuu. Paneli arobaini zilifungwa kwa majuma matano, na maji yanatoka. Bado yuko kwa Zulfikar. Anafundisha vijana wawili na msichana mmoja, na wote wanapaka rangi ya kucha kwenye nati.

Masele alikwenda Songwa kama mwenzake. Alikaa nyuma ya pikapu. Siku ya tisa aliaga, hakusema sababu. Sasa yuko Mhunze, anachomelea mageti na madirisha. Hafungi paneli. Mtu akimletea, anamwelekeza Shinyanga kwa Noela, anamtajia na namba yake ya simu, kisha siku hiyo hazungumzi tena.

Mbuke alimfuata Mhunze baada ya miezi miwili. Enock anaendesha lori la mchele la mtu mwingine, Kahama. Zulfikar alinunua pikapu mpya yenye viti vinne. Ile ya zamani aliiuza, na ndani ya droo ya mbele waliikuta miwani ya Masele, imerudishwa mahali pake.